Sala Iliyomzika Aliye Hai

Wanawake wa kanisani walimpa jina la Mama Sala, na jina likamganda hata mumewe, fundi wa majokofu, akawa analitumia anapotaka chai. Hakuwa na cheo chochote kanisani. Alikuwa mama wa nyumbani, mwenye watoto wawili, vidole vilivyokunjamana kwa sabuni, na sauti iliyotulia. Akifumba macho akasema "Baba yetu mwema," hata watoto watukutu waliacha kupigana mateke chini ya benchi. Mgonjwa akizidiwa aliitwa yeye. Msiba ukitokea aliitwa yeye. Binti wa watu akishikwa na uchungu, kabla hawajatafuta gari walimtafuta Mama Sala.

Kitu ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba kwa miezi minane alikuwa anaomba na ndani yake hakuna aliyejibu.

Haikuwa huzuni. Huzuni aliijua vizuri. Alimzika mama yake mzazi akalia mpaka sauti ikakauka. Hii ilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Unaugusa, unaona kabisa kwamba ni mguu wako, lakini hauko nawe. Alijaribu kukumbuka ilianza lini, asipate. Hakukuwa na ugomvi nyumbani, hakukuwa na kifo, mume alikuwa yuleyule, watoto wazima. Siku moja tu alikuwa anachambua mchele uani, redio ya jirani ikapiga wimbo ambao miaka yote ulimtoa machozi, na yeye akajikuta anausikiliza kama mtu anayesikiliza tangazo la dawa ya meno.

Basi akaendelea. Alifagia, alifua, alipiga pasi sare za watoto. Kila asubuhi alifungua Biblia penye utepe, akasoma sura moja, akafunga, akaenda kuwasha jiko. Hakuruka hata siku moja. Kama ungemuuliza kwa nini, angekwambia ni kwa sababu utepe ulikuwa pale.

Ila mtu akiishi hivyo, mambo huanza kumponyoka. Kuna asubuhi aliombea chakula, wakala, akakusanya vikombe, kisha akasimama wima na vikombe vyake akaomba tena.

"Mama, tunakula mara ya pili?" binti yake aliuliza, akacheka mpaka chai ikampalia.

Mumewe hakucheka. Alimfuata jikoni.

"Wewe siku hizi uko wapi?"

"Niko hapa, Baba Watoto."

"Naona gauni ndilo liko hapa."

Alimjibu kwamba amechoka tu, naye akachukua mkoba wake wa vifaa akaenda kazini, akigeuka mara mbili kumtazama.

Sasa, kila Jumatatu alasiri kikundi cha wanawake kilitembelea wagonjwa. Utaratibu wao ulikuwa mmoja, haubadiliki: wimbo, halafu neno fupi la Mwenyekiti, ambalo tangu achaguliwe halijawahi kuwa fupi, halafu sala ya Mama Sala. Kwenye misiba walifanya vilevile. Kilichobadilika ni wimbo, na maneno ya sala. Na kipindi hicho misiba ilikuwa imefuatana mitatu, Jumatatu tatu mfululizo, kikundi hakijapata hata nafasi ya kwenda kwa mgonjwa.

Jumatatu ya nne wakaenda kwa Bibi Cherehani.

Huyu alikuwa fundi wa nguo, mjane, mwenye ulimi uliokwenda kasi kuliko mashine yake. Sare za kwaya zote alishona yeye, na nusu ya magauni ya harusi ya wanawake wale. Alikuwa na uvimbe tumboni, na hospitali ilikuwa imempangia kupasuliwa Alhamisi. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa ameandaa chumba kwa moyo wote: meza ya kukatia vitambaa imetolewa nje, benchi zimepangwa ukutani, pazia limevutwa kwa sababu mwanga ulimuumiza mgonjwa macho, na cherehani imefunikwa shuka jeupe. Wanawake walivua viatu mlangoni, wakaingia mmojammoja, wakinong'ona. Bibi Cherehani alilala ameelekea ukutani, shuka mpaka shingoni, kimya. Dawa za maumivu zilikuwa zimempa usingizi mwepesi.

Wakaimba. Mwenyekiti akasema neno lake fupi, nusu saa nzima. Wengine waliinamisha vichwa kwa unyenyekevu, wengine kwa usingizi. Kisha akasema, "Mama Sala, tupeleke mbele za Bwana."

Mama Sala akasimama, akafumba macho. Mdomo wake ukaondoka wenyewe, kama miguu inavyojua njia ya kisimani.

"Baba yetu mwema, tunakushukuru kwa maisha ya mama yetu huyu. Tunakushukuru kwa miaka uliyotuazima. Mikono yake imefanya kazi, na sasa umeona vema apumzike. Mpokee, Baba. Wafariji watoto na wajukuu aliowaacha. Utufundishe na sisi tuliobaki kuhesabu siku zetu. Na pale tutakapomlaza, pawe mahali pa amani mpaka siku ile. Amina."

"Amina!" wakaitikia, na sauti ya Mwenyekiti ikawa juu ya zote.

Mmoja akafumbua macho, akamtazama mwenzake. Wa pili akaziba mdomo. Mkwe alikuwa ameganda mlangoni na sinia la vikombe.

Halafu sauti ikatoka kitandani. "Kumbe nimekufa. Mbona hata hamjaniosha?"

Mwanamke mmoja kijana akaangua kicheko, akajiziba kwa mtandio. Mwenyekiti akaanza kuimba pambio la furaha, peke yake, kwa ufunguo usiofaa. Mama Sala alisimama palepale. Alijua kabisa alichokifanya. Alisubiri aibu imshike, aone uso unawaka moto. Lakini aibu nayo ilikuwa mbali, kama mtu anayeita kutoka barabara ya pili. "Nisamehe, Bibi," alisema. "Ulimi umeteleza."

"Ulimi wako?" Bibi Cherehani alikuwa amegeuka sasa, amemkazia macho. "Ulimi wako hauna tabia ya kuteleza."

Chai ikanywewa haraka haraka, watu wakatafuta viatu vyao.

Jumanne, kabla hata mchana haujaingia, mkwe alisimama uani kwa Mama Sala. Nguo zilikuwa kwenye kamba, naye hakungoja kukaribishwa.

"Bwana asifiwe, mama."

"Amina, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai. Mama amekataa hospitali."

Mama Sala akashusha ndoo.

"Amekataa kabisa. Anasema Mungu ameshamwambia siku zake zimekwisha, na amemwambia kupitia wewe. Anasema Mama Sala hajawahi kuomba bure. Tangu jana anagawa vitu. Mkasi wake mkubwa amempa jirani. Mimi amenipa cherehani, mimi ambaye hata kushona kifungo ananicheka!" Sauti ikakatika. "Daktari alisema uvimbe ukipasuka wenyewe, hatuna la kufanya tena. Ni Alhamisi au basi. Mume wangu amempigia magoti. Nimekuja kukuomba, mama, na kama nimekosa adabu unisamehe: nenda ukamtoe kaburini ulikomweka."

Akaondoka, kandambili zikipiga vumbi.

Mama Sala akaanika shati lililobaki. Alilibana pini mbili, akaliangalia. Mtu angekufa kwa sababu ya mdomo wake. Alilisema polepole kichwani ili lizame, na lilizama kweli, lakini lilizama kama jiwe kwenye unga, bila mlio.

Alikwenda kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anakatakata vitunguu, machozi yanamtoka kwa ajili ya vitunguu tu.

"Mwenzangu, hilo nimelilalia nikaliamkia," alisema. "Na dawa yake ninayo. Nenda umwambie hukukosea. Mwambie Roho alikuwa anauzika ugonjwa. Ule uvimbe ndio umekufa! Umeelewa? Aliyepumzishwa ni ugonjwa. Yeye ataruka kitandani, ataenda hospitali anaimba, na jina lako linabaki safi. Na la kikundi."

"Lakini sivyo ilivyokuwa."

"Ilikuwaje?"

Mama Sala akaokota ganda la kitunguu sakafuni. Hilo hajapata kumwambia mtu.

"Unaona?" Mwenyekiti alielekeza kisu. "Hata wewe hujui ilikuwaje. Basi chukua hiyo yangu. Inaokoa mtu."

Siku ile jioni alimweleza mumewe habari ya mkwe na shauri la Mwenyekiti. Fundi wa majokofu alikuwa anasugua grisi vidoleni.

"Shauri zuri," alisema. Akafikiri. "Jokofu likiacha kugandisha na taa ya ndani inawaka, mwenyewe hukataa kabisa kwamba limekufa. Ananiambia, mbona taa inawaka?"

"Unasema mimi?"

"Nasema majokofu. Mimi najua majokofu tu." Akamwekea chakula kwenye sahani, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akaweka wali mwingi mno.

Jumatano asubuhi alivaa gauni lake la bluu, akashika njia. Kusema kweli, alikuwa amebeba shauri la Mwenyekiti. Maneno aliyapanga njiani yakakaa vizuri: umekufa uvimbe, amelazwa ugonjwa, wewe nenda na amani. Hayakuwa magumu. Aliyarudia mpaka mlangoni.

Mkwe alimfungulia bila salamu ndefu. Bibi Cherehani alikuwa ameketi kitandani, mito mgongoni, anachambua kopo la vifungo: vyeusi huku, vyeupe huku, vya shaba kwenye kifuniko.

"Umekuja kuaga?" aliuliza. "Kaa hapo. Usikalie vitambaa vya watu, vinarudishwa kwa wenyewe leo."

"Bibi, nimekuja kwa habari ya ile sala."

"Ndiyo."

"Haikuwa juu yako. Ilikuwa... Roho alikuwa anauzika ugonjwa. Uvimbe ndio uliokufa, Bibi. Wewe—"

"Simama."

Mama Sala akasimama.

"Nimekupima gauni la harusi," Bibi Cherehani alisema. "Nimekupima ukiwa na mimba, mara mbili. Hilo ulilovaa nimelishona mimi. Siku ya kipimo cha harusi ulivuta tumbo ndani ili uonekane mwembamba, nikakwambia achia pumzi mwanangu, utapasuka madhabahuni. Unakumbuka? Sasa hivi umelivuta hivyohivyo. Achia."

Mama Sala akaachia pumzi. Na pumzi ilipotoka, maneno yaliyopangwa yakatoka nayo, akabaki hana kitu mkononi.

"Sikuwepo, Bibi," alisema.

"Hukuwepo wapi?"

"Kwenye ile sala. Mdomo ulikuwepo. Mimi sikuwepo. Tumetoka misibani, mdomo umezoea ya misibani, ukasema ya misibani. Mungu hakuniambia kitu juu yako. Hajaniambia kitu juu ya mtu yeyote. Ni miezi minane sasa. Naomba, na ni kama naongea ndani ya debe."

Kifungo kikaanguka sakafuni, kikabingirika chini ya kitanda. Hakuna aliyekiangalia.

"Miezi minane," Bibi Cherehani alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na yule mjukuu wangu mwenye homa? Ulimwombea, akapona usiku uleule."

"Yule ni mwaka jana. Wakati ule nilikuwa nasikia bado."

"Na kwaya? Ulipotuombea safari?"

"Hiyo ni ya majuzi. Hiyo ni mdomo."

"Na tulifika salama!"

"Mlifika salama."

Bibi Cherehani akawa anaangalia vifungo vyake kama vile sasa hajui pa kuviweka. Mashavu yake yakatetemeka, na Mama Sala akadhani analia. Alikuwa amekasirika.

"Nimetoa mkasi wangu," alisema. "Mkasi wa chuma, mama, haujawahi kukata karatasi tangu niununue. Nimempa jirani anakatia kuku! Kwa ajili ya mdomo!"

"Nitaufuata, Bibi."

"Kaa!" Akahema, mkono tumboni. Kisha sauti ikashuka. "Unajua umeninyang'anya nini? Wewe hujui. Tangu Jumatatu nimelala vizuri. Nilikuwa naogopa kile kisu, naogopa kulazwa uchi mbele ya vijana wale, naogopa nisiamke. Ukasema vile, nikasema, aa, basi kumbe imeshaamuliwa. Nikatulia. Nikagawa vitu vyangu kama mtu mwenye akili. Sasa unaniambia hakuna aliyesema kitu. Narudi nyuma naanza kuogopa upya."

"Najua."

"Hujui. Huogopi, wewe. Ungekuwa unaogopa ningeona shingoni."

Ilikuwa kweli, na Mama Sala hakubishana. Jikoni mkwe alikuwa anaosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Ilisikika kwamba anasikiliza.

"Ungekuwa mimi, ungeenda?" Bibi Cherehani aliuliza mwishowe.

Mama Sala alitafuta jibu la kikanisa. Yalikuwepo mengi, yamepangwa kama vyombo kabatini. Hakuchukua hata moja.

"Sijui, Bibi. Mimi siku hizi sijui mambo. Naamka kwa sababu kumekucha. Nasoma kwa sababu kitabu kiko pale. Nahudumia wanangu kwa sababu wamekuja na njaa. Sina sababu ya ndani. Kwa hiyo siwezi kukwambia nenda kwa imani. Nakwambia nenda kwa sababu ni Alhamisi, na kitanda wamekuwekea."

"Hayo ndiyo mahubiri?"

"Ndiyo niliyonayo."

Bibi Cherehani alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia begani mpaka kwenye pindo la gauni, kama anayetafuta palipoachia uzi.

"Mbaya sana," alisema. "Mwenyekiti asikusikie." Kisha akapaza sauti: "Wewe mkwe! Acha kuiumiza hiyo sufuria. Nenda kwa jirani ukaniletee mkasi wangu. Ukikuta una manyoya usinionyeshe."

Mlango wa nje ulifunguka kabla hajamaliza kusema. Mkwe alikuwa ameshakimbia.

Habari kama hizo hazikai. Kufikia Alhamisi asubuhi kikundi kizima kilikuwa kimejua, na Mama Sala alipofika uani kwa Bibi Cherehani, mazungumzo yalikatika kama redio iliyochomolewa. Wengine walimsalimu kwa vidole vya juujuu. Mmoja alimshika bega akamwambia, "Pole, dada," kwa sauti ya kumsemesha mgonjwa. Mwenyekiti alimvuta pembeni, nyuma ya pipa la maji.

"Nilikupa neno zuri kabisa," alisema. "Ukaenda ukajivua nguo. Sasa nitamweka nani kuomba? Yule msaidizi wako anapiga kelele mpaka watoto wanalia."

"Mweke huyohuyo."

"Na wewe je?"

"Mimi nitabeba mfuko."

Mwenyekiti akatikisa kichwa. Alitaka kusema kitu kikali, ikaonekana, lakini macho yake yakashuka, akaanza kuvuta-vuta pindo la mtandio wake. "Mimi niliitikia amina," alisema taratibu. "Sikusikia hata neno moja. Niliitikia tu." Akaondoka upesi kwenda kupanga watu, kabla hajajibiwa.

Yule msaidizi akaomba, kwa kelele, na watoto wakalia. Bibi Cherehani akaingizwa garini na mwanawe, mito pande zote. Mama Sala alikuwa anataka kupenyeza mfuko wa nguo dirishani.

"Panda," Bibi alisema.

"Nimekuja kukusindikiza hadi garini tu, Bibi. Watoto watarudi mchana—"

"Baba yao hana mikono? Panda. Na usiniombee njiani. Kaa tu."

Akapanda. Bibi Cherehani alimshika kifundo cha mkono, si kwa upendo, alimshika kama mtu anavyoshika chuma cha gari kwenye njia mbaya. Kucha ziliingia. Mama Sala aliziona zikiingia.

Hospitalini nesi aliuliza nani ni ndugu, na mwanawe akatia sahihi. Wakamvalisha vazi la kijani lililofungwa kwa nyuma. Bibi Cherehani aliukunja upindo wake kwa vidole, akasema, "Mshono gani huu," na wakamsukuma. Milango miwili ikafungana.

Walikaa watatu kwenye benchi. Mwana alitembea mpaka dirishani na kurudi. Mkwe alikuwa na Agano Jipya dogo, hakulifungua. Alisogea karibu.

"Mama, unaomba?"

"Najaribu kukaa," Mama Sala alisema. "Omba wewe."

"Mimi sijui kupanga maneno."

"Usiyapange."

Mkwe akafumba macho. Midomo ikatembea kidogo, ikasita, ikatembea. Mama Sala hakusikia maneno. Alihesabu vigae vya sakafu mpaka mlangoni, akapata thelathini na moja, akaanza tena.

Saa tatu zilipita, labda zaidi. Daktari alipotoka alikuwa ameshavua kofia, na nywele zake zilikuwa zimelala upande mmoja. Alisema uvimbe umetoka mzima, ulikuwa mkubwa, amefika kwa wakati. Wiki moja zaidi ingekuwa habari nyingine. Ataamka polepole. Wasiingie wote.

Mwana akakaa chini sakafuni, mtu mzima vile, akaficha uso. Mkwe alimkumbatia Mama Sala shingoni, akalia kwa sauti, akacheka, akalia tena. "Amepona! Mama, ungesema ile ya uongo asingekuja! Mungu ni mwema, sema, mama, sema asante!"

Mama Sala akasimama katikati ya mikono ile akangoja. Aliingoja furaha kwa adabu, kama unavyomngoja mgeni aliyesema atakuja. Aliona machozi ya mkwe yamelowesha bega la gauni la bluu, akasikia unyevu wake, ubaridi wake. Zaidi ya hapo hakikuja kitu.

"Asante, Baba," alisema.

Ikawa hivyo tu. Mkwe akasubiri yaliyobaki, akaona hayapo, akamwachia.

"Ataamka na kiu," Mama Sala alisema. "Uliza wanaruhusu maji lini." Kisha akakunja mikono ya gauni, akachukua mfuko, akaenda kutafuta bomba, maana shuka la Bibi, ambalo nesi alilirudisha kutoka ndani, lilikuwa limeloa damu kidogo pembeni, na damu ukiichelewesha haitoki.